Mchumia Juani Hulia Wapi?

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya wakati KCPE bado iko, uliandika insha ya methali hii: mchumia juani hulia kivulini. Hakuna aliyeiponyoka. Na kama uliandika, unajua pishi lake. Kijana fukara. Baba amefariki au ni mlevi. Koroboi, kwa sababu stima haijafika. Miguu mitupu, kilomita nane kwenda, nane kurudi. Wenzake wanamcheka lakini wapi, yeye yuko na vitabu tu. Aya tatu nzima za jua. Halafu ghafla bin vuu mtihani umepita, chuo kikuu kimepita, na kwenye aya ya mwisho kijana anashuka kutoka gari la vioo vyeusi, mamake amejengewa nyumba ya mawe, na wale waliomcheka wamekuja kuomba kazi. Arobaini kwa arobaini, bora tu ukumbuke kuweka tamathali za usemi.

Darasani kwetu kulikuwa na kijana aliyedhani "hulia" ni kutoa machozi. Aliandika kurasa mbili kuhusu mtu aliyefanya kazi juani halafu akaenda kukaa kivulini kulia. Alipata alama tano. Siku hizi huwa nafikiri alistahili zaidi.

Nazichukulia insha hizo kama fasihi, tena fasihi ambayo imeandikwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote nchini. Watoto kwa watoto, miaka nenda miaka rudi, hadithi ni ile ile. Na zote zinasema kitu kimoja kuhusu furaha: iko mwishoni. Sijawahi kuona insha ambayo yule kijana aliifurahia kilomita ya sita, labda kwa sababu rafiki yake alikuwa na kisa cha kuchekesha, au umande ulikuwa baridi miguuni na jua ndio linachomoza. Jua ni la kuvumiliwa. Kivuli ndicho cha kuishi.

Lugha yenyewe haijafunga mlango hivyo. Tuna furaha, tuna raha, tuna heri, na si kitu kimoja. Raha ni ya mwili, ya kunyoosha miguu. Furaha inapanda na kushuka, inaweza kukupata hata kwenye foleni ya benki. Heri haiko mikononi mwako, unaombewa. Halafu kuna ridhaa, neno ambalo sa hii limebaki zaidi kwenye fomu za hospitali, unatia sahihi kwamba umekubali kupasuliwa. Lakini ndani yake kuna kutosheka, kukubali kwa moyo mweupe. Insha ya methali inajua raha peke yake, tena raha ya kuonwa na wengine.

Riwaya tulizozipenda zaidi hazikwenda mbali sana na pishi hilo. Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ni ya Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anayefiwa na mama, anayeteswa, na anayefunga safari mpaka Kitale kumtafuta baba. Nakala niliyosoma ilikuwa ya kaka yangu, haina jalada. Sisi wa huku tuliipenda kwa sababu ya ziada: Walibora alikulia Trans Nzoia, na Kitale ni hapo tu, matatu moja. Utamu wa kitabu hicho uko njiani, kwenye barabara na watu na Kiswahili kinachobadilika kadiri unavyoiacha pwani. Lakini jina linaahidi siku, na msomaji anavumilia kurasa akiisubiri ifike. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambayo ndiyo tuliyofanyia KCSE, hata heri yake inakuja na chozi. Siwezi kuilaumu. Ni riwaya ya watu waliofurushwa makwao baada ya uchaguzi, na darasani mwetu kuna waliokuwa hawahitaji mwalimu awafafanulie.

Kuna kitabu kimoja, cha zamani kuliko hivyo, ambacho kilijaribu kuigeuza methali juu chini. Ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Kisa ni chepesi ajabu. Utubora yuko na kazi mjini, kazi nzuri, mshahara mnono. Anaiacha. Tajiri wake anajaribu kumzuia kwa pesa, hataki. Anaenda kijiji cha Busutamu kulima. Kuna mapenzi ndani, kuna Radhia, lakini kiini ni hicho: mtu alikuwa kivulini, akatoka kwa hiari yake akaenda juani, na anadai kwamba huko ndiko anakokula.

Kwa mtoto aliyelelewa na insha, hiki ni kitabu cha kinyumenyume. Aya ya gari na nyumba imekuja kwanza, halafu jamaa akaikimbia.

Wacha niseme yale ambayo kila mtu husema kuhusu Shaaban Robert ili tuyamalize. Ndiyo, anahubiri. Ndiyo, majina ya watu wake ni vibandiko. Utubora ni utu bora, Radhia ametoka kwenye ridhaa ile ile, na huhitaji kufika mbali kujua nani atakuwa mwema. Watu wake huongea kana kwamba kuna mtu anaandika kumbukumbu za mkutano. Ukitoka kwa Kezilahabi ukaingia humu, unahisi umekaribishwa sebule ambayo viti vimefunikwa vitambaa vya kufuma na hutaki kuegemea vibaya. Wengi wa rika langu hawamalizi. Mimi nilimaliza kwa sababu ilikuwa Agosti, mvua ya huku unaijua, stima zilikuwa zimepotea na simu haina chaji.

Lakini chini ya hayo mahubiri kuna wazo ambalo sijaona mwandishi mwingine wa Kiswahili akilisema waziwazi hivyo: kwamba kazi ya mchana si bei unayolipa ili ununue jioni. Kwamba furaha, kama ipo, iko ndani ya saa zenyewe za kazi, mkononi, kwenye kitu unachokishika. Utubora hasubiri kuvuna ndipo awe mtu. Hilo ni wazo gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu linavunja biashara yote ya insha. Kama furaha iko kwenye kilomita ya sita, gari la vioo vyeusi linabaki kuwa gari tu.

Shaaban Robert alifariki 1962, na kitabu kikatoka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, wakati serikali ya Tanzania inawahimiza watu kuhusu vijiji na kilimo. Mtu wa ofisini anayeuacha mji kwenda kulima huku anatabasamu! Ungedhani chama ndicho kilichoagiza. Miaka michache mbele Kezilahabi akaja na jibu, au mimi nalisoma kama jibu. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, ya 1975, Tumaini naye anakuwa mkulima, tena mkubwa, na siasa hiyo hiyo ya ardhi inamfikisha kitanzini. Mwaka mmoja nyuma kulikuwa na Kichwamaji, ambamo Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anajiua.

Nilikisoma Kichwamaji mwaka niliotoka chuoni. Ile nafasi iliyonitoka mkononi kwa sababu ya karo, Kazimoto alikuwa nayo, na hakuona ndani yake sababu ya kuamka asubuhi. Siwezi kusema ilinifariji. Ilinipa nafuu fulani ambayo huwezi kumweleza mzazi.

Walimu hupenda kuwapanga hao wawili kama mwanga na giza: huyu mwenye matumaini, yule aliyekata tamaa, jadili. Mimi naona tofauti ndogo zaidi na ya karibu zaidi. Utubora kutwa ana kitu mkononi. Kazimoto kutwa ana mawazo. Kezilahabi ni mwandishi mkubwa kuliko Shaaban Robert katika kila kitu nachojali, sentensi zake, ujasiri wake, ucheshi wake mchungu, lakini kwenye hili moja huyu mzee alikuwa ameona kitu.

Tatizo langu na Utubora ni shamba.

Mji huu kwa wazee bado ni Sisibo. Ni sikisti-foo jinsi ulimi wa Kikalenjin ulivyoipokea, kwa sababu posta ilifunguliwa 1910 kwenye shamba nambari 64. Mji wetu ulizaliwa ukiwa nambari ya shamba. Makaburu walikuwa wamefika 1908 na mikokoteni yao ya maksai, wakagawiwa ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe. Tangu hapo sidhani kuna mtu amelima huku kama Utubora, yaani bila mwingine kuuliza kwa nini ni wewe unayelima. Januari mosi 2008, pale Kiambaa nje kidogo ya mji, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani walichomewa humo. Agosti 15, 2024 tukapewa hati ya jiji, watu wakacheza ngoma barabarani, na bado ukifuatilia ugomvi wa familia yoyote hapa utafika kwenye ekari.

Busutamu haina historia kama hiyo. Ardhi iko pale inamngoja mtu mwema.

Na kulima kwenyewe? Uasin Gishu ni mahindi, msimu mmoja kwa mwaka. Unapanda Machi au Aprili mvua ikianza, unavuna kuanzia Oktoba. Hapo katikati kuna viwavijeshi, ambao walituingilia 2017 na hawajahama. Kuna mbolea, 2024 kuna wakulima waliofungua magunia ya mbolea ya ruzuku wakakuta si mbolea. Ukishavuna, bohari ya serikali haitaki punje zenye unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5, na Novemba ya huku mvua haiangalii kalenda, kwa hivyo unaanika kando ya lami. Boda zinapita, kuku wanapita, wewe uko hapo na ufagio unageuza, na mbele kidogo dalali ameegesha lori, anakula muwa, anangoja uchoke. Utachoka. Atayachukua kwa bei yake. Halafu ni Januari, na Januari ni karo.

Ningependa kumwona Utubora Januari.

Sisemi hivyo kumdharau. Nasema kwamba kitabu kinajali heshima ya kulima, hakijali sana hesabu ya kulima, na hapo ndipo msomaji wa Eldoret anainua kichwa. Maisha sahili ya Utubora ni matamu kwa sababu aliyachagua. Alikuwa na kitu cha kukataa. Anayekataa mshahara mnono ni mtu aliyepewa mshahara mnono.

Tuna Utubora wetu wa siku hizi, na dunia nzima inamjua. Eliud Kipchoge, dhahabu mbili za Olimpiki, mtu wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili pale Vienna Oktoba 2019, japo zile 1:59:40 hazihesabiwi kama rekodi rasmi. Na kwa miaka mingi siku za wiki amekuwa akilala kambini Kaptagat, mwendo mfupi kutoka mjini, chumba cha kawaida, zamu ya kusafisha ikifika anasafisha kama wenzake. Ni kweli, na ni jambo zuri. Naamini anamaanisha. Kinachonisumbua ni vile inavyoandikwa. Mwandishi wa kigeni anakuja, anaona ugali, anaona choo cha nje, anaona mtu tajiri ameshika ufagio, na anarudi kwao na makala kuhusu watu wasio na kitu lakini wana furaha. Hapo ameruka kitu. Anayelala kambini kwa sababu anataka kukimbia vizuri, na anayelala chumba kama hicho Langas kwa sababu elfu tatu na mia tano ndiyo anayoweza, hawaishi maisha mamoja ati kwa sababu ufagio unafanana.

Wahamasishaji wetu nao wameidaka. Fungua simu asubuhi yoyote, utaambiwa ushukuru kwa kikombe chako cha chai, furaha ni kuchagua, acha kulalamika. Ni Shaaban Robert aliyechujwa mpaka yakabaki maji. Yeye angalau alimpa mtu wake kazi. Hawa wanakupa kikombe tu.

Kwa hivyo ingekuwa rahisi niishie hapa, niseme furaha ya kila siku ni hadithi ya walioshiba wanayowasimulia wenye njaa. Nimesoma insha nyingi za aina hiyo, nyingine kwenye magazeti ya mtandaoni kama hili, na zinapendeza kuandika. Zina hasira safi. Shida ni kwamba haziwezi kueleza ua la fundi wangu.

Kenya tuna sekta nzima inayoitwa Jua Kali. Ni wale mafundi wanaofanya kazi nje, hawana paa, na jina likawakaa mpaka serikali ikalikubali na kulitumia kwenye karatasi zake. Hebu lisikilize jina hilo ukiwa na methali kichwani. Hao ndio wachumia juani wenyewe, walioandikishwa. Kivuli hakimo hata kwenye jina.

Huyu ninayemsema anatengeneza mageti. Mimi ninamwandikia matangazo ya kuweka kwenye simu: mistari miwili, vipimo, nambari. Ananilipa mia mbili, siku nyingine chai. Geti lake ni la kawaida, fremu ya chuma, bati limechomelewa, mahali pa kufuli. Lakini katikati ya kila geti anaweka ua. Anachukua chuma chembamba, anakitia kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, anakipinda juu ya kipande cha reli, nyundo ndogo, polepole, petali moja baada ya nyingine. Sita. Halafu kitovu cha ua, ambacho anakikata kwenye bomba. Inamchukua karibu saa nzima. Hakuna mteja aliyeagiza ua. Bei ya geti ni ile ile, na nimemsikia akipatana na mtu kwa nusu saa akitetea mia tano, ua halijatajwa hata mara moja.

Nilimuuliza kwa nini analiweka kama halilipwi.

"Geti bila ua ni mabati."

Ndilo jibu lote. Nilijaribu kuliongeza swali, akawasha mashine ya kusagia chuma, na ukisimama karibu na hiyo mashine mazungumzo yamekwisha.

Saa nne mama wa chai anafika na birika mbili kubwa na ndoo nyeupe ya mandazi. Mashine zinazimwa moja moja, na kelele inapoisha ndipo unajua ilikuwepo. Wanakaa juu ya mageti yenyewe, juu ya matairi, juu ya mitungi ya gesi iliyokwisha, na wanakaa juani, kwa sababu kale kabanda kamejaa vyuma. Dakika kumi na tano hivi. Arsenal, bei ya bati, nani amefariki, nani hajarudisha mashine ya kutoboa. Mmoja anaigiza sauti ya mbunge na chai inamtoka mwingine puani. Kuna siku nilihesabu vikombe kumi na vitatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anafanya kitu ili baadaye kitu. Walikuwa wanakunywa chai. Walikuwa wanakula juani.

Hicho ndicho Shaaban Robert alichokiona, na nadhani alikiona kweli. Ila alidhani ni lazima uende Busutamu kukipata.

Na upande wa pili lazima usemwe pia, maanake hapo ndipo hao wengine huachia kalamu. Macho ya fundi huyu jioni ni mekundu kama pilipili kwa sababu ya kuchomelea, na miwani yake ina ufa. Mvua ikinyesha wiki nzima hakuna pesa wiki nzima. Hataki mwanawe aguse nyundo. Ua halimwambii mtu yeyote kwamba fundi ametosheka na hali yake, wala si sababu ya kumlipa kidogo, na mteja anayeliangalia na kusema "huyu anapenda kazi yake" huku anapunguza bei amesoma ua vibaya. Furaha ipo na dhuluma ipo, kwenye geti moja. Riwaya zetu hazijapenda kuziweka pamoja. Shaaban Robert anaiondoa dhuluma ili tuione furaha. Kezilahabi anafanya kinyume.

Sasa angalia maisha ya Shaaban Robert mwenyewe, ambayo kwangu yanajibu vizuri kuliko kitabu chake. Yeye hakuacha kazi. Aliajiriwa na serikali ya mkoloni 1926 akiwa kijana mdogo, karani wa forodha, akahamishwa huku na kule Tanganyika, idara hii na ile, na sehemu kubwa ya maisha yake akawa kwenye mshahara wa ofisi. Tenzi, insha, wasifu wa Siti binti Saad, Kusadikika, nyingi ya kazi hizo ziliandikwa na mtu ambaye kesho yake alitakiwa kuripoti kazini. Utubora ndiye aliyeondoka. Mwandishi alibaki, akavaa shati, akaenda.

Kuna atakayesema huo ni unafiki. Kwangu ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na haimo kitabuni. Karani aliyemtungia karani mwenzake uhuru usiku, halafu asubuhi akaenda kupiga mihuri, alikuwa anapinda petali. Nadhani hakuona kwamba furaha aliyoipeleka Busutamu alikuwa nayo mezani, kando ya taa. Au aliiona akadhani msomaji hataiamini mpaka iwe na jembe.

Imebaki mama.

Mamangu anauza mboga sokoni, miaka mingi sasa. Methali inasema ni mtu mmoja: anayechuma ndiye anayekula. Kwetu tulikuwa wawili. Yeye juani, mimi kivulini. Kila fungu la sukuma lilikuwa hatua yangu moja kuelekea ile aya ya mwisho ya insha. Mwaka wa pili deni la karo likapita mahali ambapo mboga zinaweza kufika, nikatoka. Sa hii naandika, nalipwa kwa kipande, mara nyingine silipwi. Na kusema ukweli kuna asubuhi nyingi naamka na sentensi kichwani, naenda nayo mpaka saa nne, na niko sawa kabisa, niko zaidi ya sawa. Ni yeye tu siwezi kumwambia. Nikimwambia nina furaha, atasikia kwamba lile jua lote lilikuwa la bure, kwamba kivuli alichokuwa ananijengea sikukihitaji. Hakuna mahali kwenye Utubora Mkulima ambapo mtu anampigia mama yake simu kumweleza kwamba ameacha.

Jumamosi moja nilikuwa namsaidia kufunga sukuma, wateja bado, nikamsimulia kisa. Kazi nzuri, mshahara, tajiri anamsihi, Utubora anakataa, shamba, amani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Huyo Utubora alikuwa na watoto?"

"La, mama. Hakuwa hata na bibi wakati huo."

"Aa. Basi."

Nimesoma uhakiki mwingi wa Shaaban Robert, wa maprofesa, na sijakutana na swali zuri kuliko hilo. Nikataka kumtetea mzee, nikaanza kusema kuhusu kazi na heshima na mkono, na yeye akaendelea kufunga. Ana namna anavyofunga: analaza majani yote yakitazama upande mmoja, makubwa chini, madogo juu, vikonyo vimekatwa sawasawa, kamba mara mbili. Wenzake wanafunga vyovyote na bei ni moja, shilingi ishirini. Nikamuuliza mbona anajisumbua hivyo, si mtu atafika nyumbani akayakatakate tu.

"Mami," akasema, "shika kamba hapo."